Sufuria Isiguswe

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua nzuri hubisha hodi kabla ya kuingia, kwa hiyo nabisha. Hodi, Shangazi. Hapa nyumbani tumeamka salama. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Najua angekusalimu kama angejua. Amekwenda kutengeneza pampu ya kisima na atarudi kesho kutwa. Mama bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya asubuhi. Mimi nimeingia kidato cha pili. Nimekuwa wa nne darasani, na aliyekuwa wa tatu alinipita kwa alama moja ya jiografia ambayo mpaka leo sijaikubali.

Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha uliyomtumia Baba mwaka juzi. Aliificha ndani ya kitabu chake cha pampu, kwenye ukurasa wa mipira ya kuzibia.

Sasa shida yenyewe. Bibi hali chakula. Aliumwa tumbo mwezi wa kumi na mbili, akapona, lakini hamu ya kula haikurudi pamoja naye. Zahanati walimpima wakakuta kilo arobaini na tatu. Daktari amesema asipofika arobaini na saba ifikapo tarehe ishirini na mbili Julai, atamlaza hospitalini alishwe huko. Bibi amesema akilazwa atafia hukohuko makusudi, ili daktari aone haya. Maziwa ya ng'ombe yanamvuruga tumbo. Uji anausogeza pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mdudu.

Juzi nilimuuliza, "Bibi, basi ni kitu gani utakula?"

Akasema, "Mtindi wa mbuzi. Ule mzito, unaokatika kwa kijiko."

"Nitakutengenezea."

"Wewe? Aliyeujua aliondoka nao."

Tunaye mbuzi wa kukamua. Tunamwita Karani, kwa sababu humtazama kila anayemkaribia kana kwamba amesahau kuleta fomu. Anatoa vikombe vitano kila asubuhi. Naomba uniandikie namna ya kutengeneza mtindi. Nitafuata kila neno.

Tena, Bibi anauliza kama ile sufuria nzito bado unayo. Hakunituma niulize. Alisema tu, akiwa anatazama dirishani.

Kitanda chako bado kipo. Nakilalia mimi, lakini upande mmoja tu.

Mimi, binti wa kaka yako.


27 Februari

Mwanangu,

Hodi yako nimeisikia, karibu. Mimi ni mzima. Miguu inauma, lakini ukimwona mpishi ambaye miguu haimuumi ujue amekaa tu. Nawapikia wanachuo mia mbili na kumi. Wote wanasema chumvi imezidi, isipokuwa mmoja anayesema haitoshi, na huyo ndiye mwenye sauti kubwa. Karatasi hii ni fomu ya kuombea vyakula. Ukigeuza utaona magunia mawili ya maharage. Usiyangoje, si yako.

Usije ukanitafuta kwa simu ya hapa chuoni. Inapokewa na msimamizi, na huko kwenu inaweza kushikwa na mtu yeyote, nami sina la kuzungumza na mtu yeyote. Karatasi inatosha.

Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Maziwa ya mbuzi si ya ng'ombe. Ni mepesi, na yana aibu. Ukiyakaripia kwa moto mkali yanakatika. Yachuje kwa kitambaa safi. Bandika kwenye moto mdogo, koroga taratibu mpaka yatoe mvuke na vipovu vidogo pembeni. Yasipande. Epua, yaache yapoe mpaka kidole kisafi kivumilie humo ndani kwa hesabu ya kumi. Hapo tia mbegu, kijiko kimoja. Mbegu ni mtindi uliokwisha kuwa mtindi. Kijiko kimoja, si viwili. Changanya, funika, zungushia blanketi, weka mahali pasipopita upepo, acha kwa muda wa saa nane. Usifunue. Usitikise. Usikoroge. Usichungulie.

Ni hivyo tu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Sufuria yoyote yenye kitako kizito inafaa.

Bibi yako mwambie ale uji. Kusogeza uji kwa kidole hakujamnenepesha mtu.

Shangazi yako.


18 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako imetembea siku kumi na nne. Nimemuuliza karani wa posta (huyu ni binadamu) imepitia wapi, akanijibu kwamba barua hazihojiwi.

Sote tunaendelea. Baba amerudi, ameharibu viatu vingine kwenye tope, na Mama amemwambia kuanzia sasa atembee na pampu miguuni. Nilimwonyesha Baba barua yako. Akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Bado mkali," akatoka nje kwa furaha.

Mtindi haukufaulu. Nitaeleza kwa mpangilio.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa mbegu. Duka la hapa lilikuwa na mtindi wa aina moja tu, wa kikopo chenye picha ya stroberi. Wewe uliandika kwamba mbegu ni mtindi uliokwisha kuwa mtindi, na ule ulikuwa umekwisha kuwa. Ukatoka wa rangi ya waridi, mwembamba, wenye harufu ya sabuni ya kuogea. Bibi akauangalia muda mrefu kisha akauliza, "Huu wa kula au wa kupaka kucha?"

Mara ya pili mbegu nilipewa na mke wa fundi baiskeli, jirani yetu, nyeupe na safi. Nikaja kwenye kidole. Shangazi, kidole changu hakikuvumilia. Nilifika mbili nikakitoa. Nikangoja, nikafika nne. Nikangoja tena. Nilipofika kumi maziwa yalikuwa yamepoa kama maji ya kuoshea vyombo, na saa nane baadaye yalikuwa bado maziwa. Naomba kuuliza: hesabu ya kumi ni ya kuhesabu haraka, au ya kuhesabu kwa heshima?

Bibi anataka barua zako zisomwe mara mbili. Mara ya kwanza anasikiliza habari za mtindi. Mara ya pili nadhani anasikiliza kama kuna neno ambalo halimo.

Bado ni kilo arobaini na tatu.

Binti wa kaka yako.

Uliposema sufuria yoyote inafaa, hukusema kama unayo ile.


2 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, kaka yangu msalimu, na viatu anunue vya mpira.

Stroberi. Nimeisoma barua yako jikoni, wasaidizi wangu wakadhani nimefiwa. Nimewaambia, "Hapana, kuna mtu ametia stroberi kwenye maziwa ya mbuzi." Wakanyamaza kwa heshima.

Ningesema mbegu iwe nyeupe, isiyo na sukari wala picha ya tunda. Sikusema kwa sababu sikujua kwamba ni lazima kusema. Sasa nasema. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kufuata kila neno, naongeza pia: usiiweke sufuria kichwani, usiimbie, usiipeleke shule.

Kuhusu kidole, hapo kosa ni langu, nalikubali kwa shingo upande. Kidole chako ni cha kushika kalamu. Changu kimeshika mifuniko ya moto kwa miaka ishirini, hakisikii tena. Kumi yangu ni tatu yako. Hesabu tatu, ya heshima.

Mengine umeyafanya sawa. Basi fanya tena, uache kuniandikia kurasa nne. Nina watu mia mbili na kumi.

Shangazi yako.

Zahanati wanampima kila lini?


20 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Wanampima kila Jumatatu ya pili. Asante kwa kuuliza. Nilimsomea hilo swali Bibi, akaniambia nirudie hapo, kisha akasema mstari huo haukusomeka vizuri, nirudie tena.

Tu wazima. Nimekuwa wa tatu kwenye mtihani wa katikati ya muhula. Jiografia tuiache.

Ili nisitegemee kidole cha mtu yeyote, nilimwomba mwalimu wa sayansi aniazime kipimajoto. Aliniuliza nini nataka kupima, nikamweleza yote, na sasa kila tukikutana ukumbini ananiuliza mbele ya watu, "Vipi, umeganda?" Darasa zima limenipa jina la Mtindi. Nalivumilia. Kidole kwa hesabu ya tatu ni sawa na nyuzi arobaini na tatu. Ulikuwa sahihi.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Nakamua, nachuja, napasha, napoza, natia mbegu, nafunga blanketi, na saa moja kasoro robo naondoka kwenda shule. Nikirudi saa tisa nafungua. Nimefanya hivyo mara sita. Mara zote umelegea kama uji wa mgonjwa, na maji yamejitenga juu. Tena unanuka. Fundi baiskeli amenunua beberu na kumfunga nyuma ya banda letu, na nadhani harufu imeingia kwenye maziwa. Beberu huyo ana ndevu na anajipenda sana. Karani hamtazami, lakini anajua yupo.

Kuna jambo jingine silielewi, na mwalimu wa sayansi naye halielewi. Naweka vikombe vitano. Nikipima jioni napata vinne na kidogo. Mwalimu anasema ni mvuke. Mvuke gani, na imefungwa blanketi?

Bibi anaonja kijiko kimoja jioni, anatikisa kichwa, anasema, "Bado. Mwandikie tena." Na wala uji hali. Lakini Jumatatu alikuwa kilo arobaini na nne na nusu. Daktari amefurahi. Mimi nimefurahi pia, ila sijui kwa nini amepanda.

Binti wa kaka yako.


9 Mei

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Hapa tumebadilishiwa msimamizi. Huyu mpya anaingia jikoni kuonja. Siku ya kwanza nilimwachia. Siku ya pili nikampa mwiko na aproni, hajarudi.

Beberu ahamishwe leo, si kesho. Mbuzi wa kukamua na beberu hawakai pua kwa pua. Maziwa hubeba harufu kama nguo zinavyobeba moshi. Mwambie fundi baiskeli kwa adabu. Akikataa, mwambie bila adabu.

Lakini beberu ananukisha tu, halegezi. Kulegea ni jambo jingine. Ulipasha sawa, joto sawa, mbegu sawa, saa nane sawa. Mtindi wa namna hiyo unaganda, hata ukiwa laini. Nimeusoma mpangilio wako mara tatu na sioni kosa, na jambo hilo limeniudhi kuliko stroberi.

Swali moja, nijibu hilo tu bila kurasa nne. Mchana nani yuko nyumbani?

Shangazi yako.


21 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Wote hawajambo. Beberu amehamishwa. Sikuhitaji kuacha adabu, mke wa fundi alishaiacha yeye.

Kujibu swali lako: mchana hakuna mtu nyumbani. Baba yuko kwenye pampu, Mama yuko hospitalini kwenye mashuka, mimi shule. Hakuna mtu, ni Bibi tu.

Nimefupisha kama ulivyoagiza.

Binti wa kaka yako.

Nimekuwa nikijiuliza, je, yawezekana sufuria ndiyo kosa? Yetu ni nyepesi. Labda ile nzito ingefaa zaidi. Hujasema iko wapi.


29 Mei

Mwanangu,

"Hakuna mtu, ni Bibi tu."

Umesoma ulichoandika?

Shangazi yako.


10 Juni

Shangazi,

Leo sibishi hodi. Utanisamehe.

Nilisoma barua yako ya mistari miwili mara nyingi na sikuielewa, kwa sababu nilifundishwa kwamba mtu mzima akisema hajagusa kitu, hajagusa. Nilikwishamuuliza, Shangazi. Nilimuuliza mwezi wa nne. "Bibi, mchana unafunua sufuria?" Akaniambia, "Nifunue nitafute nini?" Sasa naona kwamba hilo halikuwa jibu.

Leo walimu walikuwa na kikao, tukaachiwa saa tano. Nilipita mlango wa nyuma. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni. Blanketi ameshalikunja vizuri, kona kwa kona. Sufuria iko katikati ya miguu. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine kikombe. Alikuwa anakoroga bila haraka, kama mtu aliye zamuni.

"Umerudi mapema," akaniambia.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nauamsha."

"Hautakiwi kuamshwa. Shangazi ameandika usifunue, usitikise, usikoroge, usichungulie."

"Najua. Umenisomea mara mbili."

"Kwa nini basi?"

Akanywa kilichobaki kikombeni mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa kidole. Akasema, "Ukiganda, utamwandikia nini?"

Nilikaa chini sakafuni na begi langu mgongoni. Akanimiminia kikombe na mimi. Si mbaya, Shangazi. Ni mwepesi, lakini si mbaya. Ndiyo maana kilo zimepanda, na ndiyo mvuke wa mwalimu wa sayansi. Kipimo cha mwisho kilikuwa arobaini na sita.

Sasa nitasema jambo ambalo si la adabu, na ukitaka unirudishie barua hii ikiwa na masahihisho. Nimechoka. Tangu mwezi wa pili naamka saa kumi na moja. Nimeungua kidole. Nimehamisha beberu. Naitwa Mtindi na watu ambao sikuwahi kuwakosea. Nimeingia kwenye mtihani wa jiografia nikiwa nanuka mbuzi, nikaandika kwamba mto unaganda mlimani kwa saa nane. Na muda wote huo Bibi alikuwa anajua kwa nini mtindi haugandi, na wewe ulikuwa unajua kwa nini mtindi haugandi. Ulijua tangu uliponiuliza nani yuko nyumbani. Mtu pekee aliyekuwa hajui ni yule anayekamua.

Bibi anataka kusikia habari zako, naye hasemi. Wewe unauliza anapimwa lini, kisha unaandika "bibi yako" kana kwamba ni bibi yangu tu. Mimi sasa ni posta, na posta haihojiwi.

Niambie kilichotokea. Baba nikimuuliza anaingia chini ya pampu.

Binti wa kaka yako.


24 Juni

Mwanangu,

Barua yako haina masahihisho. Mto haugandi mlimani kwa saa nane, hilo tu.

Nimeianza karatasi hii mara tatu. Hii ni fomu ya tatu, na stoo wameanza kuniuliza.

Miaka sita iliyopita, wewe ukiwa bado unapoteza meno, nilikuwa natengeneza mtindi hapo nyumbani na kuupeleka hospitalini kwa wagonjwa. Siku moja matroni aliagiza vikombe sitini kwa ajili ya wageni wake. Nilikusanya maziwa mtaa mzima. Nikautega ugande kwenye ile sufuria nzito, nikaufunga, nikaenda kutafuta vikombe. Niliporudi na matroni mwenyewe nyuma yangu, bibi yako alikuwa amefunua na anakoroga. Vikombe sitini, vyote maji. Nikamwambia mbele ya matroni na majirani wawili, "Kila ninachokitega wewe unakikoroga." Na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu wewe husoma kwa sauti.

Akasema, "Basi chukua sufuria yako uende."

Nikachukua, nikaenda.

Unauliza sufuria tangu Februari, na nimekukwepa kama mtu anayekwepa mvua chini ya uzi. Ninayo. Iko juu ya kabati langu, imefungwa gazeti. Sijawahi kuipikia hata maji. Si yangu, mwanangu. Ilikuwa yake, aliachiwa na mama yake. Alisema "sufuria yako" kwa hasira, nami kwa hasira nikaichukulia kwamba ni kweli. Tangu siku hiyo sijatengeneza mtindi. Nimewaambia hapa sijui.

Kwa nini alifunua siku ile sikumuuliza. Nilikuwa na mengi ya kusema.

Usimsomee barua hii.

Shangazi yako.


8 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Hodi. Leo nabisha tena.

Hatujambo. Baba amenunua viatu vya mpira na vimemkataa.

Sikumsomea barua yako. Niliiweka chini ya mto, na nilipotoka kukamua Bibi akamwita Mama amsomee. Mama anasema yeye hakuagizwa asisome. Nimekata tamaa na watu wa nyumba hii, lakini naeleza kama ilivyotokea.

Bibi aliningoja mpaka maziwa yakapoa. Kisha akaniambia nichukue kalamu, niandike hivi bila kupamba: "Mwambie, ile ya kwanza nilifunua kwa ujinga. Nilikuwa nimemfundisha mimi, nikataka kuona kama ameshika. Alikuwa ameshika kunizidi. Hizi za sasa nimefunua kwa akili."

Nikamuuliza kama ndio mwisho. Akasema, "Sufuria aitumie. Gazeti halili mtindi." Nikauliza tena kama ndio mwisho. Akasema kalamu yangu ina maswali mengi.

Asubuhi iliyofuata aliapa hatagusa. Na kwa kuwa viapo vyake hata yeye anavijua, alijipeleka mwenyewe kwa mke wa fundi baiskeli, akakaa huko saa nane nzima akimtazama beberu. Niliporudi tulifungua pamoja. Shangazi, umeganda. Niliinamisha sufuria na haukumwagika. Niliukata kwa kijiko na shimo likabaki shimo. Nilikaribia kulia, lakini nilikuwa nimeshika mfuniko.

Nikampa Bibi bakuli. Akaliangalia, akalinusa, akalirudisha mezani.

"Bibi, kula."

"Mzuri sana. Umefanya vizuri."

"Basi kula."

"Sili peke yangu. Nimekula peke yangu vya kutosha."

"Tupo hapa watu watatu."

"Nimewaona."

Basi mtindi umeganda na hauliwi. Ulipokuwa maji aliuiba mchana kutwa. Sasa ni ule mzito, unaokatika kwa kijiko, ule alioutaka tangu mwanzo, na umekaa mezani umefunikwa sahani. Siku ya tatu niliula mimi. Nikatega mwingine, ukaganda vilevile, akausifia vilevile. Uji anasogeza kwa kidole. Jumatatu ya leo ameshuka: arobaini na tano na nusu. Kupima kwa mwisho ni tarehe ishirini na mbili.

Mimi nimefuata kila neno ulilowahi kuniandikia. Sina neno jingine la kufuata. Sikuombi kitu. Nakueleza tu hali.

Binti wa kaka yako.


17 Julai

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa gari la mboga anayepita kwenu, kwa kuwa posta yenu inatembea kwa magoti. Amenihakikishia kesho utakuwa nayo. Usimpe chochote, nimemlisha.

Msimamizi nimemwomba likizo ya wiki moja. Aliuliza sababu, nikamwambia kuna mtindi umeganda nyumbani. Akadhani namtania, nikamtazama, akasaini.

Ijumaa alfajiri tega mmoja wa mwisho kwenye hiyo sufuria yenu nyepesi. Jioni mpe mama yangu nusu. Mwambie nimesema ale, na asipokula nitajua nikifika, maana uongo wake naufahamu kwa harufu. Nusu nyingine aniwekee mimi. Nitakuja na basi la Jumamosi asubuhi, na sufuria naileta; gazeti nimeshalitoa, imeng'arishwa. Ina kutu kidogo kwenye mpini, tutaisugua. Jumapili tutautega ndani yake sisi watatu, na yeye nitamkalisha karibu na mlango ambapo mikono yake yote miwili inaonekana. Jumatatu tutampeleka kwenye mizani pamoja.

Nikikuta alama ya kijiko kwenye nusu yangu, narudi na basi hilohilo. Msomee hapo mara mbili.

Kitanda usihame. Baki upande wako.

Shangazi yako.